Jino Si Dharura

Zahanati yetu iko Al-Khuwair, nyuma ya duka la mapazia.
Mimi ni wa dirisha namba tatu: bima.
Kiyoyozi mgongoni, kioo usoni,
na tundu la duara la kupitishia sauti.
Kazi yangu ni kuuliza swali moja kwa lugha nne:
nani anakulipia?

Jumapili, kabla ya adhuhuri, akaingia
kashikilia shavu kwa ncha ya mtandio.
Akajaribu Kiarabu, kikamkatikia njiani.
Nikamwambia, "Sema Kiswahili, dada,"
akageuka nyuma kutazama nani kamwita.

Mwajabu Issa, wa Kondoa. Kazi za ndani, Al-Hail, mwaka wa tatu.
Jino la chini, kulia, la mwisho kabisa.
Usiku wa sita huu hajalala.

Kadi hana. Kadi imelala droo moja na pasipoti.
Ana picha ya kadi kwenye simu,
na tarakimu mbili zimefunikwa na kidole gumba
cha aliyeipiga.
Nikabahatisha. Skrini ikawaza.
Nyekundu.
Daraja la nne: ajali, dharura, kulazwa.
Meno: hapana.

"Lakini waliniambia nina bima."

Unayo, dada.
Unayo kama mtu mwenye mwamvuli
uliotiwa kufuli.

Bibi yangu Thuwaiba, mzaliwa wa Wete,
hospitali ya serikali humpokea kwa kitambulisho tu.
Wamemtengenezea meno mapya, safu nzima,
naye huyavua mezani mbele ya wageni
akisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Angekaa na Mwajabu jikoni
wangebishania nazi mpaka magharibi.
Lugha wanachangia.
Dirisha, hapana.

Jioni nasoma chuo. Mwalimu wa elimujamii
alichora ngazi ubaoni: mwananchi, mtaalamu, kibarua,
na chini kabisa, karibu na vumbi la chaki, wa ndani.
Akasema: mkisikia mageuzi ya afya
msihesabu vitanda kwanza,
ulizeni mlango unafunguliwa kutoka upande gani.
Niliandika yote. Nilipata alama nzuri.

Kung'oa ni riali kumi na tano.
Mshahara wake ni tisini, na sabini zilishavuka maji,
ada ya mtoto na bati la mama.
Nikampa panadoli nne kutoka mkoba wangu,
na maji ya chumvi, nikamwambia, sukutua,
dawa ya Bibi, isiyo na namba ya malipo.
Akashukuru. Hilo ndilo lililonikera,
alivyoshukuru.

Jumatano wakamleta.
Jicho moja limefumba kwa uvimbe,
homa thelathini na tisa na nukta nne.
Bibi mwenye nyumba alikuwa nyuma yake, kadi mkononi,
mkono unamtetemeka. Hakuwa mtu mbaya.
"Wakala aliniambia kila kitu kimelipiwa," alirudia,
kama vile mimi ndiye wakala.

Nikaingiza namba.
Kijani.
Usaha, dripu, siku tatu wodini:
riali mia tatu na arobaini, imekubaliwa.
Nikapiga hesabu mara mbili, kama mwenye duka
aliyepewa chenji kubwa kuliko noti.

Mwajabu akainama kwenye tundu,
mdomo haufunguki vizuri.
"Sasa ndiyo limekuwa dharura?"

Nikasema ndiyo.
Akaitikia kwa kichwa, polepole,
kama mgeni aliyeonyeshwa viatu viwekwe wapi.

Siku hizi mtu akija na jino
namuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu:
usiku wa ngapi?
Skrini haina nafasi ya usiku.
Naandika pembeni, kwa kalamu,
sita, nne, kumi na moja,
kisha nabonyeza, nangoja rangi.